Kitanda cha Mfumi katika Bonde la Rukwa, na Vitabu Vilivyoandikwa Habari Zake

Liko neno lililosemwa mara nyingi mimbarini na madarasani katika nchi hizi za Mbozi, Momba na Ileje, nalo ni hili: ya kuwa wazee wetu walivaa ngozi na magome ya miti tu, hata wageni walipokuja na nguo zao ndipo watu walipopata kusitirika. Neno hili husemwa kwa nia njema, maana msemaji ataka kuonyesha fadhila za dini na elimu. Lakini si kweli. Katika bonde la Rukwa, miongoni mwa Wafipa na Wawanda na jirani zao, watu walilima pamba, wakaisokota nyuzi, wakafuma nguo kwa mikono yao wenyewe, kabla Wadachi hawajatia mguu katika nchi hii. Mwalimu anayelirudia neno lile awafundisha watoto uongo juu ya baba zao, tena uongo ambao mtoto hawezi kuupima, kwa kuwa vitanda vile vimekwisha kung'olewa.

Viko vitabu viwili ambavyo vyafaa kusomwa na mtu atakaye kujua habari hizi, navyo vyote viwili vimeandikwa kwa Kiingereza. Cha kwanza ni cha Mnorwe Helge Kjekshus, kilichotoka mwaka 1977, juu ya watu wa Tanganyika na nchi yao tangu mwaka 1850 hata 1950. Cha pili ni cha Bibi Katharine Frederick, kilichotoka mwaka 2020, juu ya machweo ya kazi ya nguo katika Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1830 hata 1940. Nataka kusema juu ya vyote viwili, ni nini walichotupa na ni nini wasichotupa, kisha nieleze kwa nini jambo hili lawahusu walimu na wachungaji kuliko wanavyodhani.

Kitabu cha Kjekshus kina sifa moja kubwa: kiliwarudishia watu wa bara kazi zao. Kabla yake vitabu vingi vilieleza bara kama nchi ya pembe za ndovu na watumwa, watu wakingoja misafara kutoka pwani. Yeye aliweka chuma, chumvi na nguo za pamba katika mstari mmoja, akasema, tazameni, watu hawa walikuwa na viwanda vyao. Msomaji wa kwetu asomapo sura hizo atakumbuka mara moja mambo ya hapa nyumbani. Wanyiha wa nyanda za juu walijulikana kwa kuyeyusha chuma, nayo habari ya tanuri zao iliandikwa vizuri mwaka 1965 katika makala ya Bibi Beverly Brock na mwenziwe. Ivuna, iliyo bondeni katika wilaya ya Momba, palipikwa chumvi tangu karne ya 13 hivi, kama walivyoonyesha mabwana Fagan na Yellen waliochimbua huko mwaka 1966. Na bondeni palikuwa na pamba, maana Mbozi ni juu na kuna baridi, lakini kando ya ziwa joto ni jingi na udongo ni mzuri. Majembe ya juu, chumvi na nguo za chini: mtu akitazama ramani hahitaji kuambiwa kwa nini njia zilishuka na kupanda lile gema.

Lakini kasoro ya kitabu hicho ni kwamba macho yake ni macho ya wasafiri. Burton alipita Unyamwezi katika miaka ya 1857 hadi 1859, akaeleza kitanda cha mfumi alichokiona huko. Livingstone alipita kando ya Tanganyika mwaka 1872, karibu na mwisho wa maisha yake, akaandika ya kuwa pamba nyingi yalimwa pwani ya ziwa lile, nayo ni ya namna ile iitwayo ya Pernambuco, ambayo mbegu zake zashikamana pamoja, na nyuzi zake ni ndefu na nzuri. Haya ni maneno ya thamani. Lakini msafiri huona kile kilicho kando ya njia, tena kwa siku moja, tena huku akihesabu wapagazi wake. Hakai hata nguo ikamilike. Ukikusanya shahidi kumi wa namna hiyo utajua kwamba vitanda vilikuwapo, wala hutajua hata kimoja jinsi kilivyokaliwa.

Na hapo hapo, katika maneno ya Livingstone, pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Pernambuco ni nchi ya Brazili. Pamba hiyo ya mti, yenye kukaa miaka kadhaa karibu na nyumba, asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo ilifika Afrika pamoja na vyombo vya kigeni, hata ikaingia bara mkono kwa mkono. Mbegu zake zilizogandamana ni rahisi kuondolewa kwa vidole, kwa hiyo wafumaji wasio na mashine waliipenda. Basi hata pamba hii tuiitayo ya wazee ilikuwa mgeni aliyekaribishwa. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kitu cha asili ni kile tu ambacho hakijaguswa na mtu mwingine. Mfumaji hakuwa na mawazo hayo. Alichukua pamba iliyo njema kwa kazi yake.

Bibi Frederick ameifanya kazi nyingine. Yeye hauliza tu kama watu walifuma, bali auliza kwa nini kazi hiyo ilikufa mapema mahali hapa na kuchelewa kufa mahali pale. Pwani tunajua palikuwa na ufumaji wa kale. Bwana Chittick alipochimbua Kilwa aliokota vigae vya vyungu vilivyokatwa mviringo na kutobolewa katikati, navyo ni vya vijiti vya kusokotea. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alisifu nguo za mji ule zilizopelekwa hata Misri. Lakini pwani kazi hiyo ilidhoofu mapema kuliko Rukwa. Unyamwezi nako ilidhoofu, maana vijana walikwenda upagazi na kurudi na nguo begani. Rukwa ikabaki na vitanda vyake, kwa sababu ilikuwa mbali, na nguo ya pwani ilipofika huko bei yake ilikuwa imepanda kwa kila siku ya mwendo. Haya ayaeleza kwa hesabu za biashara na kwa kulinganisha nchi na nchi, hata za Afrika ya Magharibi, ambako ufumaji haukufa. Ni kazi ya mtu makini, nami nimeisoma kwa faida.

Walakini nilipofunga kitabu hicho niliona njaa. Nguo yenyewe haionekani. Twasoma juu ya saa za kazi, bei ya uzi, mizigo ya meli, upungufu wa watu. Hatusomi nguo ilikuwa nzito namna gani mkononi, ilivaliwaje, nani alizikwa nayo, nani alipewa katika mahari. Mfumaji amekuwa tarakimu. Yapata karne moja kabla ya kitabu hicho, katika nchi ya Marekani, alikuwako bibi mwingine mwenye elimu, Gladys Reichard, aliyetaka kujua ufumaji wa Wanavajo. Hakusimama kando na kalamu. Alikaa katika nyumba ya wenyeji, akaketi mbele ya kitanda, akafundishwa kufuma na wanawake wa nyumba ile kama mtoto afundishwavyo, akachekwa alipokosa. Mwaka 1934 akatoa kitabu cha habari hiyo, na mwaka 1936 kingine. Tofauti ya vitabu hivyo na hivi vyetu ni tofauti ya mtu aliyekula chakula na mtu aliyesoma orodha ya vyakula. Nami simlaumu Bibi Frederick, kwa kuwa alipozaliwa yeye walimu wake wa Rukwa walikuwa wamekwisha kulala. Lawama, kama ipo, ni ya wale waliokaa humu miaka mingi, wazungu na waafrika, wakijua kusoma na kuandika, na vitanda vikiwa vingali vimetandwa.

Kwa kuwa nimewataja Wanavajo, nikae nao kidogo, maana habari yao ni kioo kizuri kwa yetu. Watu hao, ambao hujiita Diné, hawakuanza na ufumaji. Walijifunza kwa jirani zao Wapueblo, kisha wakapata kondoo walioletwa na Wahispania, wakaacha pamba wakashika sufu. Walipopenda rangi nyekundu wasiyoweza kuipata wenyewe, walinunua kitambaa chekundu cha Ulaya, wakakifumua uzi kwa uzi, wakaufuma upya. Jambo hili si geni kwetu. Mreno Duarte Barbosa aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba watu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba, na kwa kuwa hawakuwa na rangi, walifumua nguo za rangi za Cambay wakazichanganya na nyuzi zao. Watu wawili ambao hawakuonana kamwe, bahari kuu kati yao, na vidole vyao vimefanya kazi ile ile moja.

Mwaka 1864 Wanavajo walihamishwa kwa nguvu na jeshi la Marekani wakapelekwa Bosque Redondo, wakakaa katika taabu kuu hata mwaka 1868. Waliporudi walipewa nyuzi za kiwandani, tena blanketi za mashine zikaanza kuuzwa kwa bei ndogo kuliko zao. Kwa hesabu ya kawaida kazi yao ilipasa kufa hapo. Lakini reli ilifika katika nchi yao kuanzia mwaka 1881, nayo ilileta wasafiri wenye fedha. Wafanyabiashara kama Lorenzo Hubbell wa Ganado na J. B. Moore wa Crystal wakawaambia wafumaji: msifume tena blanketi za kuvaa, fumeni mazulia ya kutandika, yaliyo mazito, yenye mipaka. Moore alitoa orodha ya picha mwaka 1903, na nyingine mwaka 1911, watu wa mbali wakaagiza kwa barua. Wako watu wanaosema kwamba tangu hapo ufumaji ule si wa Wanavajo tena bali ni wa madukani. Mimi sikubali. Mwanamke aliyefuma zulia kwa Hubbell alitanda kwa mkono ule ule, na kabla ya kuanza alikumbuka kwamba aliyewafundisha mababu kufuma ni Mama Buibui. Wanawake wa kabila lile wangali wakifuma hata leo.

(Hapa mpenda lugha anisamehe kidogo. Kwa Kiswahili buibui naye hutanda. Nyumba yake huitwa utando. Nyuzi zinazonyoshwa kwanza katika kufuma huitwa mtande. Na chombo chenyewe huitwa kitanda cha mfumi. Mtu aliyeufanya usemi huu hakuwahi kusikia habari za Diné, lakini kwa sikio la Mswahili Mama Buibui na mfumaji wamekwisha kuwa ndugu.)

Basi kwa nini wao walipona, nasi hatukupona? Jibu la upesi, ambalo hata wasomi wengine hulitoa, ni marekani. Twajua neno hilo: ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa Unguja na Wamarekani wa Salem, baada ya mapatano yao na Sayyid Said ya mwaka 1833. Mwaka 1837 walikuwa na balozi wao pale. Nguo hiyo ilipendwa hata ikaitwa kwa jina la nchi yao, na ilipokuwa haba kwa sababu ya vita vyao vya 1861 hadi 1865, viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaingia mahali pake, lakini jina likabaki. Ndiyo, marekani ilikuwa na nguvu. Lakini ikiwa marekani ndiyo iliyoua kitanda cha Rukwa, ilikuwa mwuaji mvivu sana, maana ilikuwapo sokoni miaka mingi na kitanda kikaendelea. Nguo ya Rukwa ilikuwa nene, nayo ilidumu; nguo nyingi za kiwandani zilikuwa nyepesi, zimetiwa wanga, ukizifua mara moja wanga huenda na maji. Mtu mwenye akili alijua zipi ni za kupendeza siku ya kwanza na zipi ni za kuvaa miaka.

Kwa hukumu yangu kilichoua kitanda ni siku za watu. Kufuma si kazi ya saa moja. Pamba huchumwa, huchambuliwa mbegu kwa vidole, husokotwa kwa kijiti chenye kigae, na usokotaji peke yake hula muda kuliko kazi zote zilizobaki, hata mfumaji mmoja alihitaji mikono ya watu wengi nyuma yake. Kisha mwanamume, maana kwetu mfumaji alikuwa mwanamume, huketi kitandani wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani. Kiangazi ndicho kilichochukuliwa. Kodi ya nyumba ya Wadachi ilianza mwaka 1898, nayo ilitaka rupia, wala si nguo ya mtu. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, dhahabu ilionekana Lupa mwaka 1922, karibu nasi kabisa, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walikwenda kuchimba. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine mashamba ya katani, na huku Mbozi kahawa ikataka watu. Kijana aliyekwenda Lupa miezi sita alirudi na shati. Baba yake katika miezi sita hiyo angalifuma nguo chache tu, kama angalipata nyuzi, na wasokotaji nao walikuwa wamebaki na jembe lake na lao. Hapo Bibi Frederick asema kweli anapoonyesha kwamba jambo la wafanyakazi ni kubwa kuliko jambo la nguo za kigeni, nami naona angalilisema kwa sauti kubwa zaidi.

Tena liko jambo la mwisho, nalo limesahauliwa kabisa hata na watu wa bondeni. Katika karne ya 20 serikali ilikataza kulima pamba katika nchi hizi za kusini na kusini-magharibi, ili funza mwekundu wa pamba, aliyekuwa katika nchi jirani za kusini, asivuke akafika katika mashamba makubwa ya Usukuma. Kwa mkulima wa Mwanza na Shinyanga marufuku hiyo ilikuwa ngao. Kwa bonde la Rukwa ilikuwa na maana nyingine: mti ule wa pamba uliosimama karibu na nyumba, ambao bibi angaliweza kuuchuma na kumwonyesha mjukuu kijiti cha kusokotea, ukawa kitu cha kung'olewa. Hapa twaona tofauti na Wanavajo. Wao nao walipunguziwa kondoo wao kwa amri ya serikali katika miaka ya 1930, na huzuni yake haijaisha; lakini walipunguziwa, hawakumalizwa. Na reli yao ilileta mnunuzi wakati kazi ingali hai. Reli yetu ya TAZARA, iliyopita Tunduma na kukamilika mwaka 1975, ilipita katika nchi ambayo ufumaji ulikuwa umekwisha kudhoofu miaka mingi kabla yake.

Leo mtu akisimama Tunduma, hasa tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa na Nakonde mwaka 2019, ataona nguo nyingi kuliko mahali popote katika mkoa wa Songwe. Malori hupanga mstari mrefu. Vitenge vyatoka upande huu na upande ule, na mitumba kwa marobota. Mtoto wa Tunduma ajua majina ya vitenge kumi, na ajua kubishana bei kwa Kiswahili na kwa Kibemba. Ukimwuliza nguo hufumwaje, atakuambia kwa sindano. Wala hakosi kwa lugha ya sasa, maana neno kufuma limehama: leo ni kufuma sweta na vitambaa vya kochi. Neno mshindio, yaani uzi unaopita kati ya mtande, limebaki katika kamusi. Kwa jirani zetu wa Malawi neno la kazi hii ni kuomba nsalu, na Mswahili akilisikia hudhani kwamba mtu yule ni masikini aendaye kuomba nguo, kumbe ndiye anayezitengeneza.

Sasa nije kwa jambo liwahusulo wasomaji wa kurasa hizi. Maandiko Matakatifu yamejaa vitanda vya wafumi, nasi twayasoma mbele ya watu ambao hawajaviona, na twayafasiri kwa vitabu vya Ulaya vilivyoandikwa na watu waliojua kitanda cha namna nyingine, kilichosimama, chenye miguu na kanyagio. Kitanda cha Rukwa hakikuwa hivyo. Vigingi vinne hupigwa katika ardhi. Miti miwili hufungwa juu yake, mmoja huku na mmoja kule. Mtande hunyoshwa kati ya miti hiyo, umelala karibu na nchi. Juu yake huwekwa kijiti kilichofungwa vitanzi vya kamba nyembamba, kila kitanzi kimeshika uzi mmoja na kuacha mmoja, na kijiti hiki hukaa juu ya mawe au magogo, hakiendi juu wala chini. Mfumaji hupitisha mshindio uliozungushwa katika fimbo ndefu, kisha huupiga kwa kibao kama upanga.

Sasa soma Waamuzi, sura ya 16. Delila amfuma Samsoni nywele zake katika mtande, naye amelala. Walimu wengi wamenung'unika juu ya fungu hilo: mtu atalalaje, na nywele zake zikafumwa katika chombo kilichosimama kama mlango? Haiwezekani. Lakini kitanda kikiwa kimelala chini, kimepigiliwa vigingi, jambo ni rahisi kabisa: kichwa cha mtu aliyelala chini ki karibu na mtande kama vile kichwa kilivyo karibu na mto. Na aliposhtuka na kwenda zake akiburuta kigingi na nguo pamoja, twajua kwamba aling'oa kitu kilichopigwa ardhini. Wataalamu wa mambo ya kale wakubali ya kuwa hicho kilikuwa kitanda cha ardhi. Mzee wa Kamsamba wa mwaka 1900 angaliielewa habari hiyo bila kufasiriwa, tena angalicheka, kwa kuwa angalijua hasara aliyoipata mwenye nguo.

Vivyo hivyo Goliathi. Katika 1 Samweli, sura ya 17, mpini wa mkuki wake wafananishwa na mti wa mfumaji, na sisi husema, maana yake ulikuwa mnene. Bwana Yigael Yadin alionyesha mwaka 1955 kwamba neno lile la Kiebrania ni la kile kijiti chenye vitanzi, na kwamba mkuki ule ulikuwa na kamba yenye kitanzi, iliyozungushwa ili uruke mbali. Mwebrania aliyeuona kwa mara ya kwanza alitafuta nyumbani kwake kitu cha kuufananisha, akakumbuka kijiti cha baba yake. Hapa unene si neno kuu. Neno kuu ni vitanzi. Mwalimu akiwaonyesha watoto unene tu, amewaonyesha nusu.

Fungu lililo gumu ni la Ayubu, sura ya 7, afananishapo siku zake na wepesi wa mfumaji. Wazee wa bondeni wangalilistaajabia, maana kitandani pao hapakuwa na kitu kinachoruka. Fimbo ya mshindio ilipita polepole, na nguo moja ilichukua siku nyingi. Nadhani mwalimu asifiche ugumu huo. Aseme kwamba mkono mmoja ukipita ni upesi, lakini nguo ni ndefu, na Ayubu alitazama mkono.

Na katika Yohana, sura ya 19, liko vazi la Bwana ambalo askari hawakulipasua, kwa kuwa halikuwa na mshono, bali limefumwa lote toka juu. Sisi tuliozoea shati la fundi, lenye vipande vya mbele na nyuma na mikono, twalisoma kama ajabu, na wahubiri wengine wamelifanya ajabu. Mtu wa Rukwa alivaa kila siku nguo isiyo na mshono. Nguo yake ilitoka kitandani nzima, haikukatwa kwa mkasi, ikafungwa begani kama ilivyo. Kuipasua ni kuiharibu, hakuna mahali pa kuachia. Kwake askari wale hawakuona ajabu yoyote. Waliona mali, wakafanya kama watu wajuao bei ya mali.

Injili hiyo ilitafsiriwa kwa Kinyiha katika misheni ya Mbozi, iliyoanzishwa na Wamoravia mwaka 1899, wakati ambapo wafumaji wa bondeni walikuwa wakingali kazini. Kwa hiyo katika fungu lile mfasiri alilazimika kuchagua: ama neno la mkeka na kikapu, ama neno la kitanda cha mfumi. Kinyiha na Kiwanda, Kinyamwanga na Kindali, kila lugha ina maneno yake ya kusuka na ya kufuma, wala si maneno ambayo mtu aweza kuyabadilishana bila kubadili vazi. Mwalimu aliye na kitabu hicho na alifungue hapo, aandike neno aliloliona, kisha alipeleke Kamsamba na Mkulwe na Ivuna, awaulize wazee waliobaki ni kazi gani waliyosikia ikiitwa hivyo na baba zao, na vyombo vyake viliitwaje kimoja kimoja, toka kigingi hata kibao. Na kama katika shimo la taka la kijiji cha zamani ataona kigae cha mviringo chenye tundu katikati, asimpe mtoto achezee. Aandike mahali alipokiokota, akitie kabatini pamoja na daftari la maneno.